Kioo cha Saa Nane

Daphrose aliingia katika chumba cha shodieri akiwa na ufagio, na kwa miaka minne hakuruhusiwa kushika kitu kingine. Kilikuwa kiwanda cha sabuni, katika mtaa wa viwanda wa Bujumbura. Shodieri ni tangi la chuma lenye urefu wa lori. Linachemsha maji kwa moto wa mafuta mazito na kupeleka mvuke kwenye masufuria ya sabuni. Kazi ya Daphrose ilikuwa kufagia masizi. Masizi hayo yalimfuata hadi nyumbani Mutakura, yakakaa kwenye mikunjo ya shingo na chini ya kucha, hata binti yake Chanelle, alipokuwa bado mdogo, aliamini kwamba mama wote wana kucha nyeusi.

Aliyemtoa kwenye ufagio ni Muzee Ilyasi, shefu, yaani mkuu, wa zamu wa wakati huo. Muzee alikuwa amegundua kwamba kila siku saa nane mchana mfagiaji huyu anaacha kufagia na kusimama kutazama. Saa nane ndiyo saa ya kupokezana. Wa asubuhi anatoka, wa mchana anaingia, na kabla hawajaagana ni lazima wamwage kioo wakiwa wawili. Kioo ni bomba jembamba lililosimama mbele ya shodieri, na ndilo peke yake linaloonyesha maji yamefika wapi ndani ya chuma. Mmoja anafungua bomba la chini, maji yanatoka kwa mlio mkali, kioo kinabaki kitupu. Anafunga. Kama njia ni safi, maji yanarudi mara moja kimo kilekile. Kama njia imeziba kwa chokaa, yanarudi polepole au hayarudi kabisa, na hapo unajua kwamba maji uliyokuwa ukiyaona yalikuwa maji ya zamani yaliyokwama. Kisha wote wawili wanasaini kwenye daftari la zamu.

"We mama, unaangaliaka nini kila siku?" Muzee alimuuliza.

"Naangalia maji, muzee."

"Na inafanya nini?"

"Inakimbia, kisha inarudi."

"Na siku yenye haitarudi?"

Daphrose alishika ufagio kwa mikono miwili.

"Siku yenye haitarudi, kwanza unazima moto. Ufagio utautupa kisha," alisema Muzee, na wanaume waliokuwepo wakacheka. Lakini siku hiyo alimwachia afungue bomba kwa mkono wake.

Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi. Alijua moto kwa rangi yake na pampu kwa sauti yake. Mume wake alipofariki, alirudi kazini siku ya tano, kwa sababu aliyekuwa zamu badala yake alikuwa anaumwa malaria. Miaka kumi na miwili aliendesha shodieri peke yake, wiki moja asubuhi, wiki moja mchana, wiki moja usiku. Kwenye karatasi za kiwanda aliendelea kuandikwa msaidizi, kwa kuwa hakuwa na breve, yaani cheti cha serikali cha mwendesha shodieri.

Mtihani wa breve hufanywa mara moja kila miaka miwili. Mtahiniwa anapeleka kitabu chenye saa alizofanya kazi, kila ukurasa umesainiwa, kisha anaandika mtihani kwa Kifaransa na kuhojiwa na kamisheni ya watu watatu. Daphrose aliwahi kuufanya mara moja. Ukurasa wa hesabu za mvuke uliomba maelezo, na kwa kuwa Kifaransa kilimwishia katikati ya sentensi, alimaliza kwa Kirundi. Ukurasa mzima ulipewa sifuri.

Mwaka huu jambo lilikuwa zito zaidi. Injinia Arnaud, kijana aliyekuja kusimamia mitambo, aliwakusanya na kuwasomea barua: kuanzia mwezi wa saba, asiye na breve hatasimama peke yake mbele ya shodieri. Wenye breve watakuwa mashefu wa zamu. Wasio nayo watarudishwa kufunga sabuni.

"Miaka kumi na tisa, shefu," alisema Daphrose.

"Mi najua, mama. Barua haijui."

Nyumbani Mutakura, Chanelle ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alishika kalamu nyekundu kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Mama, unaandika kama mutu anapika. Unatia yote mu sufuria moja. Weka nukta kwanza, upumue."

"Nikiweka nukta nitasahau yenye inafuata."

"Basi sahau. Yenye utabakisha itakuwa sawa."

Alijifunza hivyo, sentensi fupi moja baada ya nyingine, akinakili upande wa nyuma wa kalenda za kiwanda. Kufika mwezi wa nne aliweza kueleza shodieri nzima kwa Kifaransa bila kalamu nyekundu kugusa karatasi. Muzee Ilyasi, ambaye sasa alikuwa amestaafu, alifungua masomo ya marudio kwa watahiniwa katika chumba cha nyuma cha duka moja la vipuri, mtaa wa Asiatique, kila siku saa nane na nusu. Daphrose aliomba awekwe zamu ya asubuhi mwezi mzima, na aliyekubali kubadilishana naye, akachukua mchana wote, ni Murhula.

Murhula alikuwa mtu wa Bukavu, upande wa Kongo. Alivuka mpaka zamani akiwa na mke wake Rosette na mtoto mchanga, Benite, na ndiyo maana kiwandani aliitwa Papa Benite. Waliishi Gatumba, karibu na mpaka, kwa sababu Rosette alivuka mpaka kila siku kuchukua unga wa muhogo na kuuza upande huu. Mafuriko yaliwahi kuwatoa nyumbani mara mbili, na mara mbili walirudi, wakasugua matope ukutani. Mwaka huo mvua za mwezi wa nne zilileta maji barabarani tena. Mafuta ya magari nayo yalikuwa haba, na siku nyingi Murhula alitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

Aliyechelewa aliandikwa retaa, na aliyeandikwa mara tatu aliitwa ofisini. Basi watu wa shodieri walikuwa na desturi yao. Aliyepo aliandika mstari wa kupokezana kabla ya wakati, akaweka na saini ya mwenzake, kisha akamsubiri. Mwenzake alipofika walimwaga kioo, hata kama ni saa nane na nusu. Daftari lilibaki safi na kazi ilifanyika. Hakuna aliyeona uongo ndani yake. Waliona ni kumfunika mwenzako asinyeshewe. Daphrose alikuwa amemwandika Murhula mara nyingi kiasi kwamba saini yake ilimjia mkononi bila kufikiri, ile M yenye miguu mirefu.

Masomo ya Muzee yalipoanza, desturi ilibadilika kidogo. Daphrose hakuweza kusubiri. Murhula akipiga simu kwamba yuko karibu, yeye aliondoka. Shodieri ilibaki bila mtu dakika kumi, mara nyingine kumi na tano. Na kwa kuwa wawili hawakukutana, kioo cha saa nane hakikumwagwa. Walimwaga cha saa kumi na mbili asubuhi na cha saa nne usiku. Walisema viwili vinatosha.

Ikafika siku ya mwisho ya masomo, Jumanne, siku nne kabla ya mtihani. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, Daphrose alimwaga kioo pamoja na mtu wa usiku, na maji yakarudi polepole. Yalipanda kama mtu mgonjwa anayepanda ngazi. Mtu wa usiku alikuwa tayari anavaa koti.

"Yamerudi," alisema, akasaini.

Yalikuwa yamerudi, ndiyo. Daphrose alisimama mbele ya daftari akiwa na kalamu. Safu ya maoni ilikuwa wazi. Angeandika maneno matatu tu, kwamba kioo kinarudi polepole, Injinia Arnaud angeagiza moto upunguzwe mchana ili njia isafishwe, na anayejua kuisafisha alikuwa yeye. Angetoka saa kumi na moja. Muzee alikuwa ameahidi kwamba siku ya mwisho atafundisha hesabu za mvuke, ule ukurasa wa sifuri.

Aliacha safu wazi. Alijiambia kwamba atamwambia Murhula kwa mdomo, wataisafisha pamoja kesho.

Saa saba na dakika hamsini aliandika: saa nane, kioo kimemwagwa, kimerudi vizuri. Akasaini mara mbili. Alikuwa anatoa simu yake kabatini ili aondoke, ikalia.

"Mama Chanelle, niko hapa kwa daraja. Maji imepita barabara. Dakika kumi tu. Usiniandike retaa."

"Nimeshakuandika. Umefika zamani, uko hapa unakunywa chai."

"Basi uniwekee sukari."

"Kuja mbio, Papa Benite."

"Niko nakuja. Enda usome, utakuja kutuongoza sisi wajinga."

Alicheka, akakata simu, akachukua mfuko wake wa kalenda. Alitazama kioo akiwa mlangoni. Maji yalikuwa nusu, mahali pake, yametulia kabisa. Alikuwa ameshavuka lango kubwa alipohisi kwamba kuna jambo alitaka kusema kwenye simu. Akalitafuta hatua chache, kisha akaanza kurudia kimoyomoyo fomula ya joto la mvuke.

Muzee Ilyasi hakuanza na hesabu. Alisema mtu hawezi kwenda kwa kamisheni bila kurudia jambo la kwanza, akageukia ubao na kuchora bomba lililosimama, bomba la juu la mvuke, la chini la maji. Mistari mitatu tu ya chaki.

"Hii mnaijua," alisema. "Nani ataniambia, kioo inaonyesha nusu na maji imetulia sana, haichezi hata kidogo. Ni nzuri ao ni mbaya?"

Maji ya shodieri inayofanya kazi hucheza kila wakati. Daphrose alikuwa analijua hilo tangu siku za ufagio. Alisimama na kiti kikaanguka nyuma yake. Nje alipiga simu ya Murhula, ikaita hadi mwisho. Alipiga tena, ikaita hadi mwisho. Katika chumba cha shodieri simu hazikuruhusiwa, zilibaki kabatini. Simu ya Injinia Arnaud ilikuwa inatumika. Hakukuwa na teksi wala pikipiki, zote zilikuwa kwenye foleni ya mafuta. Alikimbia na sandali zake, mfuko wa kalenda ukimpiga mgongoni, na alipofika karibu na kiwanda aliona wingu jeupe limesimama juu ya paa, wakati hakuna bomba la mvuke lililopaswa kutoa wingu upande ule.

Yaliyotokea aliyajua baadaye kwa vipande. Murhula alifika saa nane na dakika ishirini na tano. Aliona daftari limejazwa, aliona kioo kiko nusu. Kama nusu saa baadaye aliwaambia wapishi wa sabuni kwamba sauti ya shodieri haimpendezi. Alimwaga kioo peke yake, na hakuna maji yaliyorudi. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa: alizima moto, hakuingiza maji baridi juu ya chuma chenye joto, aliwafukuza wapishi watoke nje. Watu kumi na mmoja walitoka. Yeye alirudi kufunga bomba kuu la mvuke, ili mvuke usirudi nyuma kutoka kwenye masufuria, na hapo chuma cha tanuri kikapasuka na mlango wa mbele ukafunguka usoni pake.

*

Daphrose alikwenda hospitali siku ya pili. Murhula alikuwa amefungwa bandeji mikono yote na kichwa hadi puani. Rosette, aliyekuwa amekesha kwenye mkeka chini ya kitanda, alitoka kwenda kutafuta maji ya moto, akawaacha.

"Ni nani?"

"Ni mimi. Mama Chanelle."

Alivuta pumzi kwa kinywa. "Ile chai yako," alisema, "ilikuwa moto sana."

Daphrose alisogea karibu na kitanda.

"Maji ilirudi je, asubuhi?" aliuliza Murhula.

"Polepole."

"Ulijua."

"Nilijua. Nilitaka kukuambia. Ilinipita mu kichwa, Papa Benite. Nitaenda kwa injinia leo, nitasema mi ndio nilisaini."

"Apana." Alijaribu kuinua mkono, mkono haukuinuka. "Ukienda leo, wataondoa jina yako kwa mtihani. Nani atafaidika? Mi niko hapa, nimeungua tayari. Wakikuja kuniuliza nitasema saini ni yangu. Mi ndio nilikuwa naomba uniandike. Miaka mingapi unaniandika?"

"Utapona. Utasema ukweli mwenyewe."

"Ndiyo. Nikipona tutasema wote wawili, na tutacheka. We pita kwanza."

Rosette alirudi na chupa ya chai. Alimshukuru Daphrose kwa kuja, akamwambia kwamba Murhula humsifu sana nyumbani, kwamba husema hakuna mwanaume kiwandani anayejua kazi kama Mama Chanelle. Daphrose alikunywa chai aliyopewa, yote, ingawa ilimuunguza ulimi.

Jumamosi alifanya mtihani. Ukurasa wa hesabu aliujaza, sentensi fupi, nukta mahali pake. Mchana aliitwa mbele ya kamisheni. Mmoja wao, mzee mwenye miwani, alimuuliza swali ambalo bila shaka aliwauliza wote: unaingia zamu, kioo kinaonyesha maji nusu, daftari linasema kimemwagwa, unafanya nini?

"Ninakimwaga tena," alisema Daphrose.

"Hata kama mwenzako amesaini?"

"Hata kama amesaini."

"Kwa nini?"

Alieleza. Alieleza chokaa, bomba la chini, maji yaliyokwama na yanayotulia kupita kiasi. Alieleza mpaka mzee akavua miwani na kusema kwamba katika miaka yote hiyo hajasikia jibu bora kuliko hilo, na akaandika alama mbele yake bila kuificha.

Murhula alikufa siku ya kumi na moja baada ya ajali. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu saini. Watu wa bima walipokuja, walikuja na daftari, na daftari lilikuwa limeshasema.

*

Kiwanda kilifungwa wiki sita, shodieri nyingine ikaletwa, iliyotumika lakini nzima. Matokeo yakatoka. Katika watahiniwa ishirini na tatu walipita wanane, na Daphrose alikuwa wa pili. Chanelle alinunua soda mbili, akapiga picha ya cheti na kuituma kwa ndugu wote. Injinia Arnaud alimkabidhi koti jipya lenye neno Shefu lililoshonwa mfukoni na daftari jipya la zamu. Kila ukurasa wa daftari hilo ulikuwa na namba na muhuri, na chini yake karatasi ya njano ya nakala, ambayo kila Ijumaa huenda kwa watu wa bima.

"Hakuna kuchana tena ukurasa, hakuna kufuta," alisema Arnaud. "Na hakuna kumusainia mutu. Hiyo mambo ya zamani mi naijua, mama. Sikuuliza, na sitauliza. Imeisha na Murhula."

Siku mbili kabla ya zamu yake ya kwanza ya ushefu, Rosette alikuja Mutakura. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa ameuliza njia sokoni. Alivaa kitenge cheusi na alikuwa na bahasha. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Chanelle, mi sikusoma. Benite alinisomea. Watu wa bima wanasema hawatatoa kitu, juu bwana yangu alifanya uzembe. Alisaini kama amemwaga kioo na hakumwaga. Wameweka na picha ya daftari."

Alitoa karatasi. Daphrose aliuona mstari wake mwenyewe, mwandiko wake mwenyewe, na saini mbili.

"Angalia hii M," alisema Rosette. "Murhula alikuwa anaandika jina yake kwa kila gunia yangu, miaka yote, wasiniibie kwa mupaka. Hii si mukono yake. Hii miguu ni mirefu. Yake ilikuwa mifupi, kama mutu amechuchumaa. Nimeenda kwa kiwanda, wananiambia dosiye imefungwa, kesi imeisha. Nikasema niende kwa Mama Chanelle. We ndio ulikuwa mwenzake. We unaweza kuwaambia kama si yake."

Chanelle alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha ndani. Alitazama karatasi ile juu ya bega la Rosette. Miezi mingi alikuwa amesahihisha mwandiko wa mama yake. Daphrose aliona macho ya binti yake yakitua kwenye saini na kubaki hapo.

"Niachie hii karatasi," alisema Daphrose.

"Utawaambia?"

"Niachie mpaka Ijumaa."

Rosette alipoondoka, Chanelle alichukua vikombe. Aliviosha, akaviosha tena.

"Sema," alisema Daphrose.

"Mi niseme nini, mama? We ndio uliniambia ukipata hii breve nitasoma Université." Aliweka kikombe. "Na yule Benite ni wa kilasi gani?"

"Wa tisa."

Chanelle alifuta mikono yake, akaingia ndani na kufunga mlango.

Alhamisi, Daphrose aliingia zamu ya asubuhi akiwa shefu. Moto ulikuwa mzuri, pampu ilikuwa nzuri. Saa nane kasoro dakika tano alifika Divin, mwendeshaji mpya, kijana aliyepita mtihani siku moja naye. Walisimama mbele ya kioo wawili. Daphrose alimwachia afungue. Maji yakakimbia, yakarudi mara moja, yakaanza kucheza.

Kisha alifungua daftari. Aliandika mstari wa saa nane, na alipofika kwenye safu ya maoni aliendelea kuandika, kwa Kifaransa, kwa sentensi fupi, akikandamiza kalamu ili maneno yafike kwenye karatasi ya njano. Aliandika kwamba tarehe ya ajali kioo cha saa nane hakikumwagwa. Kwamba asubuhi ile maji yalirudi polepole na yeye, Daphrose, aliona na hakuandika. Kwamba aliondoka kabla mwenzake hajafika. Kwamba saini ya Murhula aliiandika yeye. Kwamba Murhula alizima moto, alitoa watu nje, na alifanya kazi yake yote. Aliweka nukta, akasaini, akampa Divin kalamu.

Divin alisoma. Alisoma mara ya pili, midomo ikisogea.

"Mama, hii... mi naisaini je?"

"Kwa chini pale. Unasaini kama umepokea zamu."

"Mi sikuwepo siku ile."

"Na haujaandikwa. Unasaini leo tu. Kioo imerudi ao haijarudi?"

"Imerudi."

"Saini."

Alisaini, akiwa amesimama mbali na daftari kadiri mkono wake ulivyoruhusu. Daphrose alivua lile koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

Injinia Arnaud aliuona ukurasa huo kesho yake asubuhi, mtu wa bima akiwa tayari amekaa ofisini akisubiri karatasi za njano. Alimkuta Daphrose uani.

"Umefanya nini, mama? Ile kurasa iko na namba."

"Najua, shefu. Ndiyo maana."

"Ungekuja kwangu. Tungezungumza."

"Ungeniambia dosiye imefungwa."

Hakukana. Alisimama akitazama viatu vyake, kisha akasema atajaribu asifukuzwe kabisa, lakini hawezi kuahidi zaidi.

Breve ilichukuliwa. Barua ilisema ni kwa muda usiojulikana, na Chanelle alipoisoma hakuhitaji kalamu nyekundu kueleza maana yake. Dosiye ya Murhula ilifunguliwa upya. Inachunguzwa, na imekuwa ikichunguzwa tangu wakati huo. Rosette alikuja mara moja kuchukua ile karatasi yake. Hakuingia ndani. Alisikiliza yote akiwa amesimama kizingitini, tangu maji ya asubuhi hadi simu ya sukari.

"Ulikunywa chai yangu," alisema.

"Ndiyo."

Akaweka karatasi kwenye kitenge chake, akaondoka. Siku hizi Daphrose akipita sokoni na kumkuta na magunia yake, Rosette hugeuka upande mwingine, akifunga gunia hili na kufungua lile hadi Daphrose apite.

Kazi yake sasa ni kufunga sabuni, mche mmoja baada ya mwingine, katika chumba kilichotenganishwa na shodieri kwa ukuta wa matofali. Masizi hayamfikii, kucha zake zimekuwa nyeupe. Wanawake wa pale hawana saa ya ukutani, lakini wanajua saa nane kwa kumtazama yeye, kwa kuwa huacha mikono juu ya meza na kuinamisha kichwa upande wa ukuta. Mlio mkali unapita, unakatika. Anahesabu mpaka tatu, kisha anaendelea kufunga.

Siku moja mwezi uliopita mlio haukuja. Daphrose alihesabu, akahesabu tena, akaweka chini mche aliokuwa ameushika, akatoka. Haruhusiwi kuingia katika chumba cha shodieri. Alisimama kizingitini. Divin alikuwa peke yake, kalamu mkononi, daftari wazi.

"Mwenzako iko wapi?"

"Amesema yuko karibu, mama. Dakika kumi."

"Sawa," alisema Daphrose. Alikaa chini pale mlangoni, kwenye saruji, miguu nje, mgongo kwenye fremu ya mlango. "Weka kalamu chini. Tutamungoja."